Wajumbe Tisa Mbele ya Kitufe

Ni mjumbe yupi kati ya wale tisa aliyemwacha mtoto juani? Msimulizi wa habari hii angependa kulijibu swali hilo mapema, ili msomaji aendelee na shughuli zake, lakini kwa sasa hawezi. Siku jambo lenyewe lilipotokea, wajumbe wote tisa walisimama mmoja baada ya mwingine wakasema: ni mimi. Na mtoto mwenyewe hakuwa mtoto wa kushikika kwa mkono. Alikuwa mtoto wa hadithi.

Afadhali basi tuanze na hadithi.

Katika Jamhuri ya Sawasawa palikuwa na mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeitwa Sikudhani Lukindo, mwaka wa tatu, idara ya fasihi. Alikuwa binti mwenye imani nyingi. Aliamini kwamba maneno yakipangwa vyema humgeuza mtu; aliamini kwamba mtu akiulizwa kwa adabu husema kweli; na aliamini, jambo lililomgharimu baadaye, kwamba anayeandika sharti aweke jina lake kamili chini ya alichokiandika. Yeye na mwenzake Kulwa Shigela, aliyesomea kompyuta, walikuwa wameanzisha mtandaoni jukwaa la waandishi lililoitwa Njiapanda. Humo hadithi hazikusomwa kutoka juu kwenda chini kama tangazo la serikali. Msomaji alifikishwa mahali, akaulizwa afanye nini, akabonyeza njia moja kati ya mbili, na hadithi ikamfuata alikokwenda.

Jukwaa hilo lilikuwa na desturi moja ambayo wanachama wake waliipenda kuliko zote: aliyechagua njia ndiye aliyeruhusiwa kuandika kinachofuata ndani ya njia hiyo. Wapo walioongeza kurasa nne, wapo walioongeza sentensi moja, na dereva mmoja wa lori alikuwa ameongeza neno moja tu, akashukuru kwa nafasi. Kila mmoja alijiandikisha kwa majina matatu, wilaya na kazi yake. Kulwa alikuwa amependekeza majina ya bandia. Sikudhani alikataa, akasema kwamba maandishi yasiyo na mwenyewe ni uvumi.

Katika nchi nyingine mambo haya yangepita bila kelele. Sawasawa, hata hivyo, ilikuwa nchi yenye utaratibu. Uchaguzi ulifanyika kila baada ya miaka mitano, ukiwa na mgombea mmoja ili kuwapunguzia wananchi usumbufu, na Tume ilitangaza matokeo siku mbili kabla ili watu wapige kura wakiwa wametulia. Katika mikahawa ya serikali mhudumu hakumwuliza mteja atakula nini, alimwarifu. Watoto wa shule za msingi walifanya mtihani wa kuchagua jibu sahihi, nao ulikuwa na herufi A peke yake, na bado, kwa mujibu wa taarifa za wizara, asilimia tatu walifeli.

*

Hadithi aliyoianzisha Sikudhani ilihusu mwalimu wa zamu. Mwalimu huyo amewapanga wanafunzi kando ya barabara tangu saa mbili asubuhi, kila mmoja na kibendera chake, kumsubiri Mtukufu Mlezi wa Taifa ambaye msafara wake ungepita saa tatu. Sasa ni saa saba. Mtoto wa darasa la pili ameanguka. Afisa wa itifaki amekwisha kutangaza kwamba asitoke mtu mstarini, kwa kuwa pengo huonekana vibaya kwenye picha. Hapo ndipo hadithi ilipomgeukia msomaji ikamwambia: mwalimu ni wewe. Ukimbeba mtoto umpeleke kivulini, bonyeza hapa. Ukisubiri msafara upite, bonyeza hapa.

Chini ya kila kitufe palikuwa na tarakimu ndogo iliyoonyesha idadi ya waliopitia njia hiyo. Kulwa aliiweka kwa ajili ya mapambo. Baada ya miaka miwili, waliombeba mtoto walikuwa elfu thelathini na moja mia nne na sita. Waliosubiri walikuwa mia mbili na kumi na wawili.

Hapana aliyeona ubaya mpaka karani mmoja wa Wizara ya Takwimu, Ngano na Michezo ya Watoto alipozigeuza tarakimu hizo kuwa asilimia, kwa mazoea tu ya kazi, akapata tisini na tisa nukta tatu. Karani aliweka kalamu chini. Asilimia hiyo ilijulikana na kila raia. Ndiyo aliyoshinda nayo Mtukufu Mlezi katika uchaguzi uliopita, na ilikuwa imehifadhiwa kisheria kwa matumizi yake binafsi. Safari hii ilikuwa imekwenda kwa mtoto wa darasa la pili.

Wizara ilitoa taarifa siku hiyohiyo. Ilisema kwamba serikali imesikitishwa na habari za wananchi kuhesabiwa nje ya Tume, kuchagua bila kuelekezwa na kufikia matokeo bila kutangaziwa. Iliwataka watulie. Wananchi, ambao walikuwa wametulia, hawakujua wafanye nini zaidi.

Ikaundwa Kamati ya Kitaifa ya Kutathmini Njiapanda, yenye wajumbe tisa, chini ya uenyekiti wa Mheshimiwa Dakta Gwakisa Mtandika. Bwana huyu alikuwa na shahada tatu za uzamivu, mbili kati ya hizo alitunukiwa na vyuo alivyokwenda kuvizindua. Hadidu za rejea zilikuwa fupi: wajumbe waingie jukwaani, waifungue hadithi, na wabonyeze kusubiri kwa niaba ya taifa.

*

Sikudhani na Kulwa waliitwa ukumbini kuwahudumia wajumbe. Msomaji asije akadhani binti alikwenda kwa hofu. Alikwenda amevaa gauni lake la sikukuu, kwa kuwa kwa hesabu yake alikuwa anapata wasomaji wapya tisa.

Wajumbe walijiandikisha kama fomu ilivyotaka: majina matatu, wilaya, kazi. Vyeo vya Dakta Mtandika havikuenea katika kisanduku, kikao kikaahirishwa kwa nusu saa mpaka Kulwa alipokipanua. Kisha kila mjumbe aliketi mbele ya kompyuta yake, wakatenganishwa kwa maboksi yaliyokatwa, yale ambayo wizara huyatumia kuzuia wanafunzi wasiibiane majibu katika ule mtihani wa herufi moja. Mwenyekiti akasimama kuwahutubia.

"Ndugu wajumbe," alisema, "taifa linatutazama. Leo tunakwenda kusubiri. Naomba tusubiri kwa umoja, tusubiri kwa nidhamu, na zaidi ya yote tusubiri kwa kasi, maana saa saba kuna chakula."

Mjumbe mmoja, Meja mstaafu Kasiga, aliuliza kama inaruhusiwa kuisoma hadithi kabla ya kubonyeza. Alijibiwa kwamba hadithi haisomwi na kamati, hutathminiwa. Hata hivyo ukumbi ulikaa kimya kwa dakika nyingi kuliko zinazohitajika kubonyeza kitufe kimoja. Mjumbe fulani alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Katibu wa kamati, Bi. Mwantumu Ngwali, mwalimu mstaafu mwenye mvi zilizosukwa mistari minne, aliegemea kiti akatazama dari kwa muda, kisha akabonyeza.

Tarakimu zilizokuwa ukutani zikabadilika. Waliombeba: elfu thelathini na moja mia nne na kumi na wanne. Waliosubiri: mia mbili na kumi na watatu.

Kulwa alikohoa.

"Mashine imekosea hesabu," alisema Mwenyekiti.

"Mheshimiwa, imejumlisha nane na moja."

"Basi ifundishe kujumlisha."

Kulwa aliinamisha kichwa kwa heshima, na tarakimu zikabaki palepale. Hapo ndipo mjumbe wa kwanza aliposimama akatamka kwamba yule mmoja aliyesubiri ni yeye, na anasikitishwa na wenzake. Wa pili akasimama akasema ni yeye, na anasikitishwa na wa kwanza. Walipofika wa nane, Mwenyekiti alisimama akiwa wa tisa, akasema kwamba si kawaida yake kujisifu. Baada ya majadiliano ya saa mbili na chakula, kamati ilipitisha kwa kauli moja azimio kwamba wajumbe wote tisa ndio yule mmoja.

*

Wizara haikuridhika na azimio. Ilitaka majina ya wale wanane, na kwa kuwa haipendi kufanya kazi nusunusu, ikataka na ya wengine wote. Barua iliyomfikia Sikudhani ilimpa siku tatu kukabidhi orodha kamili ya nani alibonyeza nini. Akikabidhi, Njiapanda itasajiliwa na hadithi yake itaingizwa katika mtaala wa shule za sekondari. Asipokabidhi, jukwaa litafungwa na yeye atafukuzwa chuo.

Binti aliisoma barua hiyo akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi. Neno mtaala alilirudia mara nyingi kuliko neno kufukuzwa, na msimulizi hawezi kumficha katika hilo. Tangu utoto alitamani watoto wasiomjua wasome alichokiandika, hata kama ni kwa ajili ya mtihani.

Siku mbili zilizofuata alipata wageni. Mjumbe wa kwanza alifika hosteli na kreti ya soda, akaeleza kwamba kidole chake kiliteleza. Wa pili alieleza kwamba yeye alielewa anayebebwa ni bendera. Wa tatu alisema alimbeba mtoto, ndiyo, lakini kwa nia ya kumrudisha mstarini baadaye. Kila mmoja aliomba jina lake lisionekane, na kila mmoja, akiwa mlangoni, alikumbusha kwamba majina ya wenzake ni haki ya umma. Meja Kasiga hakueleza chochote. Aliketi ukingoni mwa kiti, akauliza tu kama mtoto alipona. Sikudhani alimwambia kwamba kwa desturi ya jukwaa hilo ni juu yake kuandika. Mzee akaomba kompyuta, akatafuta herufi kwa kidole kimoja robo saa nzima, akaandika: "Mtoto alikunywa maji." Akaaga.

Siku ya pili, saa kumi jioni, akaja Mwenyekiti mwenyewe, kwa gari lililofunikwa bendera yake kwa soksi.

"Binti yangu," alianza, "tuseme yupo mjumbe, simtaji, mtu wa cheo, ambaye kidole chake kilikwenda chenyewe."

"Kidole gani, Mheshimiwa?"

"Cha mjumbe huyo."

Sikudhani alimwuliza huyo mjumbe anataka nini. Dakta Mtandika alisema mjumbe huyo ana wajukuu. Kisha, akivaa upya sura ya kazi, akamtaarifu kwamba wizara imechoka kungoja na imelazimika kumpata mhusika mmoja kwa dharura. Bi. Mwantumu Ngwali amesimamishwa kwa kosa la kuwashawishi wenzake. Ushahidi ni kwamba aliwahi kuwa mwalimu, na kwamba pensheni yake ni ndogo kuliko za wote, kwa hiyo kuisitisha hakutaleta mtikisiko.

Alipoondoka, Sikudhani na Kulwa waliifungua orodha kwa mara ya kwanza. Wanane walimbeba, na Mwenyekiti na vyeo vyake vyote alikuwa miongoni mwao. Aliyesubiri ni mmoja: Mwantumu Ngwali, wilaya ya Mjini, mwalimu mstaafu. Msimulizi sasa anaweza kulijibu lile swali, ingawa jibu limemchanganya zaidi ya swali.

*

Asubuhi iliyofuata walimkuta Bi. Mwantumu barazani kwake akipepeta choroko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mmekuja kunipa pole au kuninadi?" Aliwasogezea mkeka. "Kaeni. Huyu kijana mbona mwembamba hivi, hizo kompyuta haziliki?"

Sikudhani alimweleza kwa furaha isiyofichika. Orodha inaonyesha wazi kwamba Bi. Mwantumu ndiye pekee aliyetii. Ikikabidhiwa, atasafishwa siku hiyohiyo. Huenda akapewa hata nishani.

Bi. Mwantumu aliendelea kupepeta mpaka makapi yakaisha.

"Nilikuwa mwalimu wa zamu," alisema. "Mwaka ule wa jubilei. Aliitwa Zamzam, darasa la pili, alianguka mbele ya viatu vyangu. Nikaambiwa nisitoke mstarini, sikutoka. Wenzangu juzi walibonyeza wanachotamani wangefanya. Mimi nilibonyeza nilichofanya."

"Alipona?" aliuliza Kulwa.

"Alipona. Mama yake ndiye hakunisalimia tena, miaka minne, mpaka nikaomba uhamisho. Sasa nyinyi mnataka nipewe nishani ya siku ile." Akaweka ungo chini. "Na wale wanane nitawafanyaje? Ndiyo kwanza nimejua kwamba nimefanya kazi na watu. Miaka yote hiyo sikujua, mwanangu. Nilidhani niko na makabati."

Sikudhani alisema kwamba asipokabidhi, atapoteza chuo, na Njiapanda itafungwa, na yeye Bi. Mwantumu atakosa pensheni.

"Hayo najua kuyahesabu. Nakuuliza la watu wa huko wilayani. Hao elfu thelathini na moja, majina yao matatu waliandika kwa nini?"

"Kwa sababu niliwaambia waandike."

"Haya," alisema Bi. Mwantumu, akaingia ndani kutafuta chai.

*

Njiani Sikudhani alimwuliza Kulwa kama majina yanaweza kufutwa, hadithi ikabaki. Kulwa alitikisa kichwa.

"Uliniambia nimfunge kila mtu na neno lake. Nikafunga. Ukimtoa mtu, alichokiandika kinatoka naye. Ukiwatoa wote, inabaki kurasa nyeupe na kitufe."

"Na tukiificha?"

"Wana mafundi. Ikiwepo, wataipata."

Kwa hiyo alibaki na mawili, kama msomaji yeyote wa Njiapanda. Alimwomba Kulwa amwachie chumba cha kompyuta, akaketi kuisoma hadithi kutoka njia moja hadi nyingine. Alisoma kurasa nne za muuguzi aliyemfikisha mtoto hospitali akakuta daktari naye amepangwa barabarani. Alisoma njia ya fundi cherehani aliyekigeuza kila kibendera kuwa kitambaa cha kumpepea mgonjwa. Alisoma ya mkulima wa tumbaku aliyesubiri, akaandika jinsi alivyosubiri, na ilikuwa njia nzuri kuliko nyingi. Alisoma neno moja la dereva wa lori: "Nikambeba." Zote zilizaliwa na swali lake, na hakuna hata moja ambayo angeweza kuiandika yeye.

*

Alasiri ya siku hiyo ya tatu ukumbi ulipambwa. Palikuwa na meza yenye kitambaa cha dhahabu na sinia la kupokelea orodha, pamoja na cheti cha mtaala kilichokwisha kutiwa saini, jina la hadithi likiwa limeachwa wazi hadi wizara itakapolichagua. Bendi ilipiga wimbo wa taifa, beti zote kumi na moja. Wajumbe wanane waliketi wakilitazama sinia hilo kama mtu anavyomtazama nyoka katika kiti chake mwenyewe. Bi. Mwantumu alikuwa ameketishwa pembeni, katika kiti cha wahusika.

Dakta Mtandika alihutubia kwa dakika arobaini kuhusu wajibu wa fasihi, sauti ikimpungua kadiri mwisho wa hotuba ulivyokaribia. Hatimaye hakuwa na aya nyingine.

"Binti," alisema, "taifa linasubiri."

Sikudhani alisimama. Mikono yake ilikuwa mitupu, na watu wa nyuma walinyanyuka kidogo ili kuhakikisha.

"Orodha haipo, Mheshimiwa. Leo saa sita mchana nimeifuta hadithi yote, na nakala zake zote za akiba, kwa kuwa majina yasingetoka peke yake. Kulwa hakushiriki. Nilibonyeza mimi."

Kumbukumbu rasmi za kikao zinaandika kwamba hapo wajumbe walipumua. Hazisemi zaidi, lakini waliokuwepo wanasema kitambaa cha dhahabu kilitikisika. Mwenyekiti aliketi, akasimama, akaketi. Kisha aliuliza, kwa ukali ambao haukufika machoni, kama binti anaelewa kwamba ameharibu mali ya taifa. Kabla hajajibiwa, Meja Kasiga alinyoosha mkono. Alisema kwamba kwa kuwa ushahidi haupo, kinachosimama ni azimio la awali, kwamba wajumbe wote tisa ndio yule mmoja. Na kwa kuwa Bi. Mwantumu ni mmojawapo wa tisa, hakuna aliyemshawishi mwingine, na kiti kile cha pembeni kimewekwa kimakosa. Azimio lilipita kwa kasi ambayo Jamhuri ya Sawasawa haikuwahi kuishuhudia. Mikono tisa ilipanda. Wa Bi. Mwantumu ulipanda mwisho, akautazama kwanza kabla ya kuuinua.

Ikabaki sehemu ya Sikudhani. Dakta Mtandika aliisoma bila kunyanyua macho: Njiapanda imefungwa kuanzia saa hiyo, Sikudhani Lukindo amefukuzwa chuo, na arudishe vitabu vya maktaba ndani ya saa arobaini na nane, na nafasi ya hadithi iliyokuwa iingizwe katika mtaala itachukuliwa na hotuba aliyoitoa Mwenyekiti leo. Kisha, kwa kuwa utaratibu ulimtaka afanye hivyo, na huenda kwa sababu nyingine pia, akamwuliza kama ana la kusema.

"Ninalo," alisema Sikudhani. Aliwatazama wajumbe, akamtazama Bi. Mwantumu, akamtazama Kulwa aliyekuwa amesimama karibu na mlango. "Jumatatu naanza kuandika nyingine, mahali pengine. Itauliza kama ile ilivyouliza, na kila mtu anakaribishwa kujibu, nanyi nyote mkiwemo. Ila safari hii sitamwuliza mtu jina."